Msumeno wa nakshi wa inchi 16: mapitio kutoka kwa mtengeneza zawadi wa Dodoma

Niseme mapema, maana najua wapo watakaosoma haya wakiwa wamesimama dukani. Kwa mtu anayetaka kutengeneza zawadi na mapambo ya mbao ya kuuza, msumeno wa nakshi wa inchi 16, ile mashine ya mezani ya kukatia maumbo kwa bledi nyembamba, wenye kidude cha kubadilishia kasi unalipa, mradi tu uwe unapokea bledi zisizo na pini, yaani zisizo na kijiti cha chuma kwenye ncha zake. Kama hauzipokei, hata wakikupunguzia nusu ya bei, uache hapohapo.

Mimi natengeneza zawadi nyumbani kwangu Nkuhungu, Dodoma mjini. Vibao vya majina ya milangoni, vishikio vya funguo, nyota na malaika wa Krismasi, vibao vya harusi na sendofu, fremu za picha, wanyama wa kusimamisha mezani. Wateja wangu ni akina mama wa kamati za sendofu, wahitimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na wazazi wao, na tangu ofisi za Serikali zihamie Mtumba, wafanyakazi wanaotafuta kitu cha kumpa mwenzao anayestaafu au mkubwa wao anayehamishwa. Msumeno huu ndio unaolipa ada za watoto, kwa hiyo ninayosema nimeyapima kwa kazi na kwa mfuko.

Kazi yenyewe ni kongwe kuliko umeme wa majumbani. Marehemu baba, seremala wa Kondoa, alikuwa na msumeno wa mkono wenye fremu ya chuma ya umbo la U, bledi nyembamba imekazwa kutoka ncha moja hadi nyingine. Ua moja la mlango wa kabati lilimchukua asubuhi nzima, mkono ukipanda na kushuka, mkono mwingine ukigeuza ubao. Mashine hii inafanya kilekile alichokifanya yeye, ila mkono wa kupanda na kushuka umekabidhiwa mota, wewe umebakiwa na ule wa kugeuza. Na kwa kuwa mikono yote miwili sasa inageuza, unaweza kufuata mstari ambao baba angeuogopa.

Isichanganywe na jigsoo. Jigsoo unaishika wewe na ubao unatulia. Hapa mashine imetulia na ubao ndio unaotembea chini ya vidole vyako. Bledi ina urefu wa inchi 5, nyembamba kiasi kwamba kwa mbali huioni, imeshikwa juu na chini na mikono miwili inayokwenda pamoja. Hiyo inchi 16 ni umbali kutoka kwenye bledi hadi kwenye nguzo ya nyuma, karibu sentimita 40, yaani ndiyo nafasi uliyonayo ya kuuzungusha ubao kabla haujagonga chuma. Wangu unakata hadi unene wa sentimita 5, meza yake inalala hadi nyuzi 45, na kasi yake inaanzia mipigo 400 kwa dakika hadi 1,600. Jina la kampuni silitaji. Mashine nyingi za daraja hili zinatoka China zikiwa na majina tofauti, na ukizipanga pamoja unaona kilichobadilika ni rangi na stika. Niliagiza Kariakoo, ikaja kwa basi. Laki sita na ushee ikaondoka, nauli ya mzigo ikiwemo.

Tuje kwenye pini. Chukua neno KARIBU, ambalo nalikata kuliko neno lingine lolote. A ina tundu moja, R ina moja, B inayo mawili. Matundu hayo yako ndani, bledi haiwezi kuyafikia kutokea pembeni bila kuipasua herufi. Kwa hiyo unatoboa kwa drili, unafungua bledi upande wa juu, unaipitisha kwenye kitundu, unaifunga, unaikaza, unakata. Ukimaliza unaifungua tena, unahamia tundu linalofuata. Bledi yenye pini ina kijiti kidogo cha chuma kilichopita kwa upana kila mwisho, nacho ndicho kinachonasa kwenye mikono ya mashine. Kuifunga ni kufumba na kufumbua, ndiyo maana wauzaji wanaisifia. Lakini ili pini ipite, tundu lako lazima liwe na upana wa kama milimita 5. Sasa jicho la B la kibao cha kawaida lote lina milimita 6 au 7. Ukishatoboa hapo hakuna tena cha kukata, una tundu la duara ambalo halifanani na herufi yoyote. Bledi isiyo na pini inapita kwenye tundu la milimita moja na nusu. Kwa hiyo unatoboa kwenye kona, unakata jicho lote likiwa na pembe zake kali, na mteja akikishika kibao anasema herufi zimechongwa, hazikutobolewa.

Hapo ndipo kazi yangu ilipopata soko. Kabla ya kupata bledi hizo nilikuwa nauza maumbo tu, moyo, nyota, samaki. Baada ya hapo nikaweza kuandika jina la mtoto kwenye kishikio cha funguo, kukata mishipa ya jani la mzabibu, na kutengeneza vile vibao vya MBUKWENYI, salamu ya Kigogo, ambavyo wenyeji wa hapa wakiviona wanacheka kwa furaha na kuagiza viwili, kimoja cha kwake na kingine cha kaka yake aliyeko Dar.

Mashine yangu ilikuja na vibanio vya bledi zisizo na pini ndani ya kijifuko, pamoja na kispana chake cha umbo la L. Hivyo vibanio ndivyo udhaifu wake mkubwa. Chuma chake ni laini. Skrubu ya kibanio cha juu, ambayo unaifungua na kuifunga kila unapohamia tundu jipya, ililika meno mapema, ikawa inateleza na bledi inachomoka katikati ya kazi. Nilimpelekea fundi wa kuchonga vyuma akanitengenezea skrubu nyingine ya chuma kigumu yenye kichwa kipana cha kushika kwa vidole, na tangu hapo sihitaji kispana. Kwa bei ile, naona mtengenezaji angeweza kabisa kuweka skrubu ya maana. Ukinunua, jihesabie gharama hiyo mapema.

Taa yake ni dhaifu. Kibomba cha kupuliza vumbi kwenye mstari ni kifupi, kinapuliza pembeni ya mahali unapotazama. Taa nimeiondoa nikaweka ya mezani yenye shingo inayopinda. Kibomba nimekiongezea mrija. Hayo ni madogo.

Kipimo cha nyuzi chini ya meza ndicho usikiamini. Kikionyesha sifuri, meza inaweza kuwa imelala kidogo, na kwa jicho huoni. Weka skwea ndogo, kile kipimo cha pembe mraba, kati ya meza na bledi ndipo uanze. Meza ikilala kidogo tu, kipande ulichokikata kinakuwa kipana juu na chembamba chini, na kama ni fumbo la vipande la mtoto, lile la wanyama wanaopangwa ndani ya ubao, kipande kitaingia kwa upande mmoja na kukataa upande wa pili.

Mtetemo unategemea zaidi ulipoifunga kuliko mashine yenyewe. Juu ya meza ya kulia inatembea yenyewe. Mimi nimeifunga kwa bolti nne kwenye benchi la mkongo alilotuachia baba, chini ya miguu yake nimeweka vipande vya mpira wa tairi. Kwa kasi ya chini ni kimya kiasi kwamba watoto wanalala chumba cha pili nami nakata. Kwa kasi ya juu kabisa inaunguruma, lakini huko siendi mara nyingi, nitaeleza sababu.

Kabla ya kukata, bledi inakazwa, na hapa ndipo wanaoanza wengi wanapokata tamaa wakidhani mashine ni mbovu. Bledi iliyolegea inapinda tumbo ndani ya mbao, inatoka nje ya mstari, inaunguza, mwishowe inakatika. Iliyokazwa sawasawa, ukiichomoa kidogo kwa ukucha inalia kama uzi wa zeze uliotiwa sauti. Ukisikia sauti nzito ya kuzubaa, ongeza. Na jambo la pili: bledi nyingi zinapotengenezwa kiwandani, upande mmoja unabaki na ukali zaidi kidogo kuliko mwingine. Kwa sababu hiyo, ukiusukuma ubao moja kwa moja mbele, mkato unavutwa pembeni. Si kosa la mkono wako. Unaelekeza ubao mshazari kidogo, mkono unazoea, baada ya muda hufikirii tena.

Kuhusu bledi zenyewe, namba ndogo ni nyembamba na namba kubwa ni nene. Kwa plaiwudi na mbao za chini ya sentimita moja natumia namba 3. Kwa mninga wa sentimita 2 natumia 5, kwa unene zaidi 7 na kuendelea. Tafuta zile ambazo meno machache ya mwisho kule chini yameelekea juu. Hayo yanasafisha upande wa chini wa ubao, bila hivyo plaiwudi inatoka na manyoya ambayo utayapiga msasa hadi uchoke. Ukibandika selotepu pana juu ya ubao kabla ya kukata, bledi inateleza vizuri na alama za kuungua zinapungua sana. Mchoro nao naubandika juu ya hiyo selotepu kwa gundi ya karatasi, kazi ikiisha vyote vinabanduka pamoja na ubao unabaki safi.

Upatikanaji ndio tatizo. Maduka ya vifaa hapa mjini niliyoyazungukia yana bledi za pini, tena za meno makubwa. Zisizo na pini naagiza Dar, kwa dazani. Ukikwama, nenda kwa sonara. Bledi anazotumia kukatia dhahabu na fedha zina urefu unaokaribiana na hizi na hazina pini, zinaingia kwenye vibanio bila shida. Meno yake ni madogo mno kwa mbao nene, yanajaa unga na kuunguza, lakini kwa plaiwudi ya milimita 3 zinakuvusha hadi mzigo wako ufike.

Mbao ndizo zinazonipendeza kuzungumzia kuliko chuma chote hiki.

Mninga ni malkia wa mashine hii. Haujifungi kwenye bledi, unakatika kwa ulaini unaousikia kwenye vidole, rangi yake ya kahawia yenye wekundu haihitaji kupakwa chochote, na hauchezi sana ukishakauka. Siununui kwa mbao nzima. Naokota mabaki kwenye karakana za samani za huku Chang'ombe, vipande vinavyobaki baada ya kukata miguu ya vitanda na fremu za milango. Mzee mmoja fundi wa samani, siku ya kwanza nilipomwamkia na kumwomba vipande, alinitazama akauliza, "Marahaba mwanangu. Hizi si kuni hizi, unazitakia nini?" Nikamrudia na kibao chenye jina la mkewe. Alikigeuza nyuma na mbele, akapitisha kidole ndani ya kila herufi akitafuta pa kukosoa, asiseme neno. Tangu siku hiyo ananiwekea mabaki kwenye gunia pembeni na vijana wake wamekatazwa kuyagusa. Mninga unatoka misitu ya asili na uvunaji wake una vibali, kwa hiyo kutumia kipande ambacho kingeishia jikoni ni jambo ninalolithamini kweli.

Mpaini wa Sao Hill ni rahisi na unapatikana kila kona, lakini mistari yake ina sehemu laini na ngumu zinazopokezana. Bledi ikitoka kwenye laini kuingia kwenye ngumu inashtuka, mstari unayumba. Unafaa kwa vitu vya kupakwa rangi, vichezeo vya watoto na mapambo ya mti wa Krismasi. Mwarobaini, ambao hapa Dodoma uko kila uwanja, unakatika vizuri kuliko watu wanavyodhani. Mpingo ni mzito hata majini unazama, bledi inauma kidogokidogo, unga wake unawasha. Naukata kwa kasi ya chini kabisa na kwa vipande vidogo tu, kama herufi nyeusi za kupandikiza juu ya mninga. Ndiyo sababu ya kupenda mashine yenye kubadilisha kasi. Mbao ngumu ukiikimbizia mipigo 1,600 inatoa moshi na ukingo unakuwa mweusi, ukishusha hadi 600 au 700 ukingo unatoka unang'aa kana kwamba umepigwa msasa. Yenye kasi moja haikupi nafasi hiyo.

Kisha kuna ukavu wa kwetu. Dodoma mvua zinanyesha miezi michache, Desemba hadi Aprili, na kiangazi hewa inafyonza maji kwenye kila kitu. Mbao inayotoka Mufindi au Dar ikiwa bado na unyevu, ukiikata siku ileile iliyofika, kazi itakuwa nzuri jioni na asubuhi utaikuta imejikunja, hasa vitu vyembamba. Naziacha mbao ndani ya nyumba, zimepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite, hadi zikija kupimwa tena zimeacha kupungua uzito. Mteja mwenye haraka namweleza hivyo. Wengi wanaelewa, asiyeelewa namkatia plaiwudi, maana matabaka yake yamepishanishwa na haijikunji kirahisi.

Kazi ninayoionea fahari kuliko zote ni ile niliyoichukua kwenye miamba ya Kolo, nyumbani kwetu Kondoa, yenye michoro ya kale ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watu warefu wembamba, wanyama, vyote kwa rangi nyekundu juu ya jiwe. Nilipoiona tena nikiwa mtu mzima nikawaza papo hapo kuwa rangi ile ni ya mninga. Nikachora mwenyewe maumbo yanayofuata namna ile, nikayakata na kuyabandika juu ya ubao mweupe wa mpaini. Hapa msumeno wenyewe haukunipa shida, nyuzi za mbao ndizo zilizonifundisha kazi. Mkono wa mtu yule ni mwembamba wa milimita 3 na mrefu. Ukiupanga ukatize nyuzi, unavunjika hata kabla ya kuutoa kwenye meza. Ukiupanga ulale na nyuzi, unaweza kuupinda kidogo kwa kidole na unarudi. Lakini mtu mwenye mikono iliyotanuka kulia na kushoto na miguu inayokwenda chini hawezi kulala na nyuzi pande zote. Kwa huyo nakata bamba la mninga liwe jembamba sana, nagundisha mawili nyuzi zikiwa zimepishana, yanakaa kwenye kibano usiku kucha, kesho yake ndipo nakata. Bledi namba 1, kasi ya chini, pumzi nimeituliza. Wale watu wa Kolo wananunuliwa na wageni, ndiyo, lakini wanaonigusa ni Wakondoa wanaoishi Dodoma ambao wanasimama mbele yake na kuanza kuwasimulia watoto wao walikotoka.

Twiga wa kusimama ni jambo lingine ambalo mashine hii inafanya na watu hawaamini. Unachukua kijiti cha mraba, tuseme sentimita 3 na nusu kila upande. Upande mmoja unachora twiga anavyoonekana kwa ubavu, upande wa jirani unamchora anavyoonekana kwa mbele. Unakata ubavu kwanza, lakini mabaki huyatupi. Unayarudisha mahali pake na kuyafunga kwa selotepu ili kijiti kiwe mraba tena. Unakizungusha robo, unakata upande wa mbele. Ukifungua selotepu mabaki yanaanguka na ndani anatoka twiga mzima, miguu minne, masikio, shingo. Watoto wa jirani wanakuja kusubiri hiyo dakika ya kufungua. Bledi hapo iwe imesimama wima kabisa, ndiyo maana nilisisitiza skwea.

Kwa umeme haina njaa. Mota ya wati 120 ikifanya kazi mfululizo saa 8 inakula karibu uniti moja ya LUKU, na hakuna anayekata mfululizo saa 8. Mwenye ndugu Marekani anayetaka kumtumia mashine, amwambie asome volti kwanza. Za kule ni za volti 120, sisi ni 230, ukiichomeka bila transfoma unaiua mota siku hiyohiyo.

Wengi wananiuliza kwa nini nisinunue mashine ya leza kama vijana wengi mjini. Ni swali la haki. Leza ina kasi. Mteja akitaka vishikio 200 vya funguo vya mahafali, vyote sawasawa, kesho kutwa, namwelekeza huko bila kinyongo, na kwa idadi hiyo atalipa kidogo kuliko kwangu. Mimi naweza kufunga mbao tatu nyembamba pamoja kwa selotepu na kuzikata kwa mpigo mmoja, lakini bado simfikii leza. Ila leza ndogo inakata vitu vyembamba, na ukingo wake unabaki umeungua, mweusi, una harufu ya moshi. Haikati mninga wa sentimita 2. Haikupi kibao kizito ambacho ukikitundika mlangoni herufi zake zina kina, zinaweka kivuli ukutani jua la saa kumi likipiga. Mzazi anayempa binti yake kitu siku ya sendofu anataka kitu hicho, nami naamini ana haki ya kukipata kutoka kwa fundi wa hapahapa, si maua ya plastiki yaliyovuka bahari.

Umaliziaji wangu ni msasa wa 120, halafu 180, halafu 240, kisha nta ya nyuki. Nta naipata kwa wauza asali wa Manyoni, naiyeyusha taratibu na mafuta kidogo ya alizeti, napaka kwa kitambaa na kufuta sana. Mafuta peke yake bila nta yanabaki yakinata na kukusanya vumbi. Vanishi siitumii kwenye mninga. Inaufunika.

Usalama. Huu si sakula, ule msumeno wa duara, hauwezi kukuchukua mkono, lakini utakukata kidole hadi utakapokumbuka. Bledi ikikatika, kipande cha juu kinaendelea kudunga kwenda juu na chini hadi uzime, kwa hiyo swichi iwe mahali mkono unapofika bila kutafuta. Unga wake ni laini kuliko wa msumeno wa kawaida, na wa mninga na mpingo unawasha pua na kifua. Vaa barakoa hata kama dirisha liko wazi na upepo wa Agosti unapita, vaa miwani, akina mama tufunge vilemba na kuingiza ncha za mtandio ndani.

Nikiwekewa mezani mashine mbili, hii na ya inchi 20 yenye bei mara tatu, na mtu akasema chagua, ningechukua hii na tofauti ya pesa ningeiweka kwenye bledi na mbao. Ile kubwa ina vibanio bora na utulivu zaidi, sikatai. Lakini kwa zawadi zinazoshikika mkononi ile nafasi ya ziada huitumii mara nyingi, na bledi butu kwenye mashine ya milioni mbili inakata vibaya kuliko bledi mpya kwenye hii yangu. Ninayemshauri asinunue kabisa ni yule anayetaka kukata maua ya milango na vitanda. Huyo jigsoo nzuri inamtosha.

Ukienda dukani, nenda na bledi yako moja isiyo na pini, kwa sonara utaipata kwa bei ndogo. Mwambie muuzaji aifunge mbele yako, juu na chini, uone vibanio vinashika. Vifungue na kuvifunga mara kadhaa uone kama skrubu inateleza. Kisha aiwashe kwa kasi ya chini kabisa ikiwa juu ya kaunta imara, weka sarafu ya shilingi 500 juu ya meza ya mashine, utazame. Ikitetemeka palepale ni kawaida. Ikianza kusafiri kuelekea ukingoni, omba afungue boksi jingine, na akikataa kuiwasha, maduka ya Kariakoo ni mengi.